Tumepata mpiga besi mpya, mwezi wa tatu huu na bado simjui

mpigaudi_langoni:

Assalamu alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi napiga udi katika kikundi cha taarabu hapa Lamu. Mwenzetu aliyekuwa akipiga besi alihamia Mombasa kikazi, tukakaa miezi minane hatuna mtu. Baadaye tukampata kijana kutoka Malindi. Alikuja na basi la asubuhi, akashuka Mokowe, akavuka kwa boti ameupakata mfuko wa gitaa mapajani, kauinamia maji yasije yakaurukia. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea gatini, na hilo ndilo jambo la kwanza nililompendea.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aje. Tabia yake sina la kusema. Mazoezini hufika kabla yangu. Akimaliza kupiga huzifuta nyuzi zote nne, mmoja mmoja, kwa kipande cha leso, hata kama usiku umekwenda na mwenye nyumba anataka kufunga mlango. Lakini simjui. Ukimuuliza leo imekwendaje, jibu ni "sawa, shekhe." Ukimwambia piga hivi, atapiga. Ukimgeuzia, atageuka. Na kwenye muziki ni vivyo hivyo. Yupo, hakosei, ila simsikii. Yule wa kwanza nilikuwa nikitaka kubadilisha mahadhi namkuta keshafika, ananingoja. Huyu hunifuata nyuma.

Wenzangu wawili wameanza kunong'ona kwamba arudishwe kwao, eti mtu wa bendi za hoteli taarabu haimwingii. Mimi hilo silikubali. Sisi tumelala na kuamka na udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, tangu hatujui kusoma. Mtu aliyeyakuta haya ukubwani utampimaje kwa miezi mitatu?

Tuna harusi Shela baada ya wiki tatu. Wenye uzoefu nisaidieni: mpiga besi mgeni mnamjuaje? Nimkalishe nimuulize, au nimwache? Sitaki ajione kama yuko kituo cha polisi.

mwimbaji_malindi:

Wa alaykum salaam kaka yangu. Mimi nimeimba miaka mingi na bendi za hoteli huku kwetu, kwa hivyo naweza kukueleza anakotoka.

Hotelini unapiga watu wakiwa mezani. Kazi yako ni wageni wapate kula, wazungumze, wasikie kuna muziki pembeni. Besi ikisikika kidogo tu, meneja anakuja kukuonyesha mkono: teremsha. Usiku mmoja unapiga rumba, chakacha, nyimbo mbili za Kiitaliano, halafu "hepi bathidei" ya mgeni. Mpiga besi hapo anafundishwa kujificha, na akijificha vizuri ndiyo anaitwa tena kesho. Huyo kijana wako hajakataa kujulikana, anafanya kile alichokuwa akilipwa kufanya.

Usimhoji. Mchukue mkale pamoja, nyinyi wawili tu, na muulize ni nani aliyemshikisha gitaa mara ya kwanza. Sijaona mwanamuziki anayelijibu swali hilo kwa neno moja.

besi_ya_zamani:

Ndugu, nimepiga besi kwenye taarabu Mombasa na hapa na pale hadi mgongo ukanikatalia. Nina maswali mawili kwako kabla hujamuuliza yeye lolote.

La kwanza: hiyo miezi minane bila besi, nani alikuwa akiishika? Nitakujibu mwenyewe. Mpiga kinanda, kwa mkono wa kushoto. Kila kikundi hufanya hivyo. Sasa besi imerudi, je, mkono huo umeondoka? Kama haujaondoka, mna besi mbili zinazogongana mahali pamoja, na kijana mgeni hawezi kumwambia mtu mzima "mzee, inua mkono." Atafanya alifanyalo wako: atapunguza sauti na kufuata.

La pili: anapigia spika gani? Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ndogo ya kinanda haiwezi kuitoa sauti hiyo, inatoa mkwaruzo wake tu. Mtafutie spika ya inchi 15 hata ya kuazima. Huenda mtu unayesema humjui hujamsikia hata siku moja.

Halafu kuna jambo la freti, vile vichuma vilivyokingama kwenye shingo ya gitaa. Udi wako hauna, unaweka kidole popote. Ukiingia Rasti, ile ngazi ya sauti ya Kiarabu, sauti yake ya tatu iko katikati ya freti mbili, yeye hana mahali pa kuikanyaga. Akikanyaga ya chini inachubua, akikanyaga ya juu inachubua. Je, kuna aliyemweleza? Mimi nilikaa mwaka mzima nikidhani masikio yangu mabovu, mpaka fundi mmoja wa fidla akaniambia kaa kwenye sauti ya kwanza na ya tano, ile ya tatu waachie udi na fidla. Mwaka mzima, ndugu yangu. Naumia nikikumbuka, kwa sababu ilikuwa dakika tano za kuelezwa.

Na kama ni mtu wa Malindi basi bango, ule muziki wa dansi wa pwani, ya Mzee Ngala haimpiti. Anza naye hapo. Kwenye bango besi hutembea, haijifichi.

mzee_wa_tari:

Mimi naona mnamdekeza. Zamani hakuna aliyeelezwa. Ulikaa nyuma, ukasikiliza, ukaiva. Mwacheni.

besi_ya_zamani:

Mzee wangu, kwa heshima yako, walioiva tunawajua. Walioondoka wakiwa wabichi kwa kukosa mtu wa kuwaambia neno moja hatuna hesabu yao.

mpigaudi_langoni:

Narudi baada ya siku sita, na nawashukuru sana.

Hilo la mkono wa kushoto ni kweli tupu. Nilikuwa nikikaa pale kila wiki na sikuliona. Mzee wetu wa kinanda nilimwendea kwake baada ya Isha, peke yangu, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona hakuniambia?" Nikamwambia angekwambiaje, wewe ni sawa na babake. Hakunijibu.

Kijana tulikula naye samaki wa kupaka kwangu, kisha tukapanda darini, yeye na besi yake bila umeme, mimi na udi. Nikamuuliza nani alimshikisha gitaa. Ni mjomba wake, alikuwa akipiga kanisani. Kabla ya hapo alikuwa akipiga kayamba kwenye ngoma za Kigiriama na bibi yake. Nikamwambia nipigie kwa mikono kwenye goti lako ile ya kayamba. Akapiga. Nikaiingilia na udi kwa pigo la chakacha, na wallahi mara hii mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata.

Nikamuuliza pia ile leso. Alipiga miaka miwili kwenye hoteli ya ufukweni, chumvi ikawa inamla nyuzi, na seti mpya hadi iagizwe Mombasa, kwa pesa zake. Hizi alizo nazo anataka zifike harusi ya Shela. Kumbe muda wote tunaosema kijana hayuko nasi, yeye anaziwekea nyuzi akiba kwa ajili yetu.

Kisha nikamweleza ile sauti ya tatu ya Rasti. Alisikiliza, akaniomba niirudie kwenye udi. Nikairudia mara nne, tano. Akaweka kidole freti ya sita, uzi wa pili kutoka juu, akaupiga, ikawa chini. Akautelezesha uzi kando kwa kidole hicho hicho, polepole, kichuma kikilia, mpaka ikapanda ikakutana na yangu. Akaishikilia hapo, kidole kimemgeuka cheupe kwenye ncha, akaniangalia. Kwa wimbo mzima haiwezekani, uzi wa besi ni mgumu mno, lakini sasa anajua mahali ilipo, na anajua kwa nini huwa anaikimbia.

Jana mazoezini mzee alikuja kaweka mkono wa kushoto mapajani tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Spika ya inchi 15 tumeazima, imeletwa kwa mkokoteni wa punda kutoka gatini. Wale wawili waliokuwa wakinong'ona hawakusema kitu, ila mmoja alibaki kumsaidia kukunja waya.

Wakati wa kuondoka kijana akaniita, "Shekhe, Shela nikae karibu na ngoma ya dumbaki, nisikae nyuma ya kinanda?" Hilo ndilo ombi lake la kwanza tangu aje. Kiti chake nimeshakihamisha.