Naomba ushauri: oili ya transfa inaongezeka, ya giaboksi inapungua

Ndugu wanachama, ninaomba msaada kuhusu Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, ambayo ndiyo inayotubebea mahindi na wagonjwa. Wiki tatu zilizopita, gari likiwa mahali tambarare, nilijaza transfa (kisanduku cha gia kilichofungwa nyuma ya giaboksi, kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) oili ya 75W-90 hadi ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, nikafunga. Juzi nilipolegeza nati ya tundu hilo, oili ilinimwagikia mpaka kwenye kiwiko, ilhali ya giaboksi sikuigusa hata nilipokunja kidole ndani ya tundu, na chini ya gari hapakuwa na tone. Nimesawazisha zote mbili, lakini hali imejirudia. Je, ni sili (mpira wa kuzuia oili) iliyo kati ya giaboksi na transfa ndiyo imechoka? Na inabadilishwa kwa kushusha transfa pekee, au lazima giaboksi nayo ishuke?