Je, ni unafiki kumshukuru Mungu kwa kunirudi wakati moyo bado unauma?

Mhazini wa Zamani ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nilitunza fedha za kwaya yetu kwa miaka 6. Mwaka jana nilichukua shilingi 340,000 za mfuko wa sare nikalipia kodi ya kibanda changu cha biashara, nikikusudia kuzirejesha kabla ya Pasaka, na Pasaka ikapita. Jumamosi moja mwalimu wa kwaya aliomba daftari, akashuka na kidole chake mstari kwa mstari, akasimama pale nilipokuwa nimefuta kwa wino mweupe. Nikakiri kabla hajafungua kinywa. Baraza la wazee liliniondoa katika uhazini na kunizuia kushiriki Chakula cha Bwana kwa miezi 4. Deni nimekwisha kulilipa lote.

Katika miezi hiyohiyo mwanangu mdogo alilazwa siku 9 kwa nimonia, ingawa sasa amepona. Jumapili ijayo ninarudishwa kundini, na mzee mmoja amenishauri nitoe sadaka ya shukrani kwa yote mawili, kwa kuwa, asemavyo, yote mawili ni fimbo moja ya Baba. Waebrania 12, pale panaposema kwamba Bwana humrudi, yaani humtia adabu, yeye ampendaye, ninaifahamu, lakini kila nikijaribu kuomba maneno hayo ulimi unakuwa mzito. Je, nikishukuru hivihivi si nitakuwa ninamdanganya Mungu?

Mama Tumaini amejibu:

Pole sana, kaka yangu, na hongera kwa kulipa deni. Mimi ningekushauri ushukuru Jumapili hiyohiyo bila kungoja moyo utulie, kwa sababu shukrani katika Maandiko ni utii kabla ya kuwa hisia. Paulo anawaagiza Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, wala hakuweka sharti la kujisikia vizuri kwanza. Mwimbaji wa Zaburi ya 119 anasema, "Ilikuwa vema kwangu kuteswa, nipate kujifunza amri zako." Ukisubiri uchungu uishe, huenda utakapoisha utakuwa umesahau hata kilichokufanya urudiwe.

Mwinjilisti Mstaafu amejibu:

Mama Tumaini amesema vema juu ya utii, lakini naomba tuutazame mstari huo kwa makini: mwimbaji anasema "ilikuwa vema", yaani anatazama nyuma. Waraka kwa Waebrania nao unakubali waziwazi kwamba kila adhabu wakati wake haionekani kuwa kitu cha furaha bali cha huzuni, na kwamba matunda yake huja baadaye, kwa wale waliozoezwa nayo. Kwa hiyo, ndugu yangu, uchungu wako si dalili ya unafiki, mwandishi aliutarajia.

Kuna jambo la lugha linalotusumbua sisi wasomaji wa Kiswahili. Neno la Kiyunani lililotafsiriwa "adhabu" katika mstari huo wa 11 ni paideia, nalo ndilo lililotafsiriwa "adabu" katika Waefeso 6:4, mahali ambapo akina baba wanaagizwa kuwalea watoto katika adabu na maonyo ya Bwana. Tunaposikia adhabu tunafikiria hakimu na kosa la kulipiwa, kumbe mwandishi anazungumzia malezi ya mtoto nyumbani, na hoja yake nzima ni kwamba asiyerudiwa ndiye mwenye sababu ya kujiuliza kama kweli ana baba. Unachoshukuru, basi, ni kwamba hukuachwa uendelee kufuta daftari.

Kuhusu mtoto, hapo sikubaliani kabisa na mzee wenu. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Vivyo hivyo akakataa kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hata yale maneno tunayopenda kuwatolea wagonjwa, kwamba ana heri mtu ambaye Mungu humrudi, katika Ayubu 5:17 yamesemwa na Elifazi, ambaye mwishoni Mungu anamkemea yeye na rafiki zake wawili kwa kutosema yaliyo sawa. (Nimeyahubiri mwenyewe kando ya vitanda vya watu, na leo ninaona haya.) Iwapo mtu atakuletea habari ya mtoto wa mfalme Daudi, aliyekufa kwa ajili ya dhambi ya baba yake, mjibu kwamba Daudi alitumiwa nabii Nathani na neno lililo wazi, na kwamba wewe hujatumiwa nabii, umepewa ushauri wa mzee tu.

Mtunza Hesabu amejibu:

Nami nimewahi kushika fedha za kikundi, kwa hiyo nitauliza swali moja la kikazi. Mwalimu wa kwaya umekwisha kumshukuru? Zaburi ya 141 inasema mwenye haki akinipiga ni fadhili, na akinikemea ni mafuta kichwani. Inawezekana ulimi wako ni mzito mbele za Mungu kwa sababu bado ni mzito mbele ya mtu huyo.

Mhazini wa Zamani amejibu:

Asanteni nyote, na shikamoo, Mwinjilisti. Nimesoma majibu haya pamoja na mke wangu, naye akasema tuandae bahasha mbili: moja ya kupona kwa mtoto, ambayo tutaitoa kwa furaha bila kuongeza neno la fimbo, na nyingine ya lile daftari. Hiyo ya pili nitaitoa nikiwa bado na aibu, kama Mama Tumaini alivyosema.

Kuhusu mwalimu wa kwaya, sijamshukuru. Tangu Jumamosi ile tumesalimiana mlangoni mwa kanisa tu, na mara mbili nimepitia mlango wa nyuma ili nisikutane naye. Mazoezi ya kwaya yanaanza saa 10 alasiri keshokutwa. Nitakwenda saa 9, kabla wengine hawajafika.