Faili la kupanda cheo: Scholar inasema h ni 14, Scopus inasema 8. Iandikwe ipi?

Mratibu_Tafiti
Wakuu, habari za kazi. Kuna faili la mhadhiri mwandamizi wa magonjwa ya watoto anayeombewa uprofesa mshiriki. Fomu inataka idadi ya makala, jumla ya kunukuliwa na indeksi h, ila haisemi zitolewe wapi. Google Scholar inampa makala 47 na h 14, yaani makala 14 zilizonukuliwa angalau mara 14 kila moja. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala na nukuu, inampa 29 na h 8. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, kwa jina tupu inaleta 60 na ushee, nyingine za magonjwa ya ng'ombe ambayo hahusiki nayo kabisa. Halafu ana makala mbili za kundi la kimataifa lenye waandishi mamia, na hizo ndizo zimebeba zaidi ya nusu ya nukuu zake. Nifanyeje?

Mkutubi_wa_Zamu
Acha h kwanza, safisha jina. Majina yetu matatu ndiyo shida yenyewe: Asha Hamisi Juma huyohuyo ni Juma AH kwenye jarida moja, Hamisi AJ kwenye jingine, na akianza kutumia jina la mume anakuwa mtu wa tatu. Scopus inaweza kumfungulia wasifu kwa kila umbo. Ukikuta wasifu wa h 8 na mwingine wa h 5, usijumlishe ukaandika 13. Omba Scopus waziunganishe, h ihesabiwe upya kutoka kwenye orodha nzima.

PubMed anza na namba yake ya ORCID, utambulisho wa mtafiti wa tarakimu 16, ukiiwekea alama ya utafutaji [auid] mwishoni. Itakupa zile tu ambazo jarida liliwasilisha namba hiyo, kwa hiyo za zamani hazitatokea. Ongeza kila umbo la jina kwa [au] (mwandishi), uyaunganishe kwa OR, kisha AND na jina la chuo kwa [ad] (anwani). Hapo kuna mtego: kabla ya 2014 PubMed kwa kawaida ilirekodi anwani ya mwandishi wa kwanza peke yake. Makala ya 2009 aliyokuwa mwandishi wa nne itachujwa na [ad] bila wewe kujua. Za miaka hiyo zipitie moja moja, na orodha yake mkononi.

Kwenye Scholar, mwambie afute za watu wengine, aunganishe andiko la awali (preprint) na toleo lililochapishwa (mara nyingi yanahesabiwa mawili), na azime kuongezewa makala bila idhini yake.

Takwimu_Tiba
Naongezea kwenye pengo la 14 na 8. Scholar inahesabu nukuu kutoka tasnifu, ripoti za miradi, maandiko ya awali, karibu chochote chenye sura ya kitaaluma mtandaoni. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa Ufaransa, alimbuni mwanasayansi Ike Antkare kwa makala zilizotungwa na kompyuta, na Scholar ikampa h 94! Lakini Scopus nayo ina upofu wake: majarida mengi ya Afrika yaliyomo AJOL (African Journals Online) haiyaorodheshi, na mtu aliyechapisha nyumbani anaonekana kama hakuandika. Mimi ningeandika zote mbili, kila moja na chanzo chake na tarehe.

Makala za kundi: angalia mtu wa makala kumi zilizonukuliwa mara 410, 22, 15, 9, 6, 5, 5, 2, 1 na 0. Ya tano ina 6, ya sita ina 5, basi h ni 5. Ondoa ile ya 410 kabisa: ya tano sasa ina 5, h bado 5. Jumla ndiyo imeporomoka kutoka 475 hadi 65. Makala moja haiwezi kuipandisha h kwa zaidi ya 1, kwa hiyo mbili za mhadhiri wako hazijaikuza h yake kwa zaidi ya 2, ila zimeivimbisha jumla. Andika jumla pamoja nazo, na pembeni jumla bila hizo.

Mratibu_Tafiti
Asante, Mkuu. Moja kati ya hizo mbili jina lake halimo kwenye orodha ya waandishi, limo mwishoni kwenye wanakikundi. Inahesabika?

Takwimu_Tiba
Kama PubMed inampata kwa [ir] (wanakikundi) na si kwa [au], ni mchangiaji, si mwandishi. Iweke kwenye orodha yake tofauti. Masharti manne ya uandishi ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, lazima yatimie yote, na kukusanya data peke yake hakutoshi.

Daktari_Mpitiaji
Fomu hiyo haiulizi jambo ambalo kamati ya tiba ingelitaka zaidi: ni ngapi aliongoza? Tumia [1au] (mwandishi wa kwanza) na [lastau] (wa mwisho), uandike idadi mbili hizo. H haimtofautishi mwandishi wa kwanza na wa 300.

Na msimlinganishe h na mtu wa epidemiolojia. Chukua namba za PMID za makala zake, ambazo PubMed huipa kila makala, ziweke kwenye iCite, zana ya NIH (taasisi za taifa za afya za Marekani), ni bure. Inatoa RCR, uwiano wa nukuu, kwa kila makala, ikilinganisha na zilizo karibu nayo kitaaluma za mwaka huohuo, 1.0 ni sawa na makala ya katikati iliyofadhiliwa na NIH. Soma kati (median), si wastani, maana makala moja ya kundi inauharibu wastani palepale. Kigezo cha athari cha jarida (impact factor) msikiweke kabisa, hicho kinapima jarida, na tamko la DORA kuhusu tathmini ya utafiti, lililoanzia San Francisco 2012, liliandikwa kwa ajili hiyo hasa.

Mkutubi_wa_Zamu
Kujinukuu pia. Scopus, kwenye muhtasari wa nukuu, ina visanduku viwili: kuondoa nukuu za mwandishi huyo, na kuondoa za waandishi wote wa makala husika. Cha pili kinakata zaidi, hasa kwa makundi makubwa. Chagua kimoja kwa waombaji wote, na mstari wa fomu uwe hivi: "Scopus, tarehe fulani, wasifu umeunganishwa, bila kujinukuu kwa mwandishi." Chapisha ukurasa siku hiyohiyo uuambatishe, kwa sababu kamati ikikaa miezi mitatu baadaye namba itakuwa imeshapanda.