Kioo cha bluu kila siku, fundi anasema tupige Windows tena!!

steshenari_sakina: Wakuu habari za jioni. Nina steshenari hapa Sakina, desktop yangu inajizima yenyewe wiki ya tatu sasa, leo kioo cha bluu MEMORY_MANAGEMENT kesho kinaandika PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, jana imekufa mteja kasimama dirishani anasubiri CV yake. Fundi kapiga Windows (kuiweka upya) mara mbili, ya pili ilikwama katikati. Ina RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) mbili za 4GB, moja ilikuja na mashine, nyingine niliongeza Desemba ya mtumba, naihisi hiyo.

fundi_mbauda: Pole dada, Windows unaionea bure. Kosa likibadilika jina kila siku na hata kupiga Windows kunakwama, anza na RAM. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched.exe, itajiwasha upya ijipime. Ikikwambia safi usiridhike, weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia mashine kutoka hapo, iache usiku kucha. Kosa hata moja tu ni tatizo, hapo hakuna wastani.

kaka_wa_moshi: Kabla ya yote chomoa waya wa umeme uzitoe hizo RAM, zile pini za rangi ya dhahabu zisugue taratibu na raba ya penseli, kwa vumbi letu hili nimefufua mashine kibao hivyo na watu wakadhani nimenunua kifaa. Halafu pima moja moja, tena kwenye sloti (tundu la kuchomekea RAM) ileile, usije ukatupa RAM nzima kumbe sloti ndiyo imekufa.

steshenari_sakina: Nimerudi. Raba haikusaidia. Ile ya mtumba niliyoisingizia imelala inapimwa mpaka asubuhi, kosa sifuri! Ya zamani haikufika dakika kumi kioo kimejaa mistari myekundu, nikaihamishia sloti ya pili, yaleyale. Nimeitoa, siku ya tatu leo haijazima ila nzito kweli nikifungua vitu vingi.

fundi_mbauda: Basi sloti haina kesi. Mafaili uliyosevu wiki hizo yafungue uyakague, mengine yanaweza kuwa yameharibika kimyakimya. Na hiyo Windows iliyopigwa juu ya RAM mbovu, sasa ndiyo ipige upya.

steshenari_sakina: Mara ya tatu jamani 😭

kaka_wa_moshi: Ukienda kununua beba ile mbovu mkononi ufananishe, za laptop ni fupi hazitaingia.