Jeni ya ABO (ya kundi la damu) kwenye doa la damu: KpnI inanipa AO, antisera inasema O

DoaKavu
Wakuu wa maabara, nina doa la damu lililokauka kwenye jinzi. Kwa antisera, seramu za kupimia kundi la damu, linasoma O. Nimetoa DNA kwa Chelex (punje za kusafishia DNA), nikafanya PCR, yaani kunakilisha DNA, ya eksoni 6 ya ABO (sehemu ya jeni hiyo), nikakata kwa KpnI, kimeng'enya kinachokata DNA. Mara jeli ya kutazamia DNA ni tupu, mara bendi mbili, iliyokatwa na isiyokatwa, kama mtu ni AO, yaani ana nakala moja ya A na moja ya O. Sampuli ya udhibiti iko safi. Nishike lipi?

Sentrifuji
Jeli tupu ni vizuizi: heme ya damu na rangi ya jinzi, vyote huikaba Taq, kimeng'enya cha PCR. Loweka kipande cha mm 3 kwa 3 kwenye ml 1 ya maji safi dakika 15 hadi 30, zungusha kwenye sentrifuji dakika 3, nyonya maji ubakize mikrolita 20 hadi 30. Heme huondokea hapo, na hapo ndipo watu hulipua. Jazia Chelex ya 5% hadi mikrolita 200, 56°C nusu saa, 100°C dakika 8, zungusha tena. Chukua maji ya juu tu. Punje za Chelex zikiingia kwenye PCR hunyakua magnesi, Taq haifanyi kitu. Bado tupu? Zimua DNA mara kumi, weka na BSA, protini inayofunga vizuizi.

Eksoni7
Hiyo "AO" naitilia shaka. Nakala nyingi za O zimepoteza herufi moja ya DNA, G, nafasi ya 261, na pengo hilo ndilo linaloipa KpnI pa kukata: kipande cha jozi 199 za besi kinakuwa 171 na 28. Isipomaliza kukata, OO inaonekana AO. Chukua PCR ileile ukate kwa BstEII, kimeng'enya kingine (ya kawaida hutaka 60°C), ambayo hukata zisizo na pengo. OO halisi itabaki nzima. Pembeni weka OO unayoijua.

BstEII ikikata, usiandike A bado. Ipo O isiyo na pengo la 261. Kasoro yake iko nafasi ya 802, eksoni 7, kwa hiyo soma mfuatano wa huko. Damu ya watu wawili nayo hutoa picha hiyohiyo. Na antijeni A ikichakaa, antisera itasema O.

DoaKavu
Shukrani. Kwa hiyo ABO ikikubali, nimethibitisha ni damu?

Sentrifuji
Hapana mkuu, hata mate yana jeni hiyo. Kwa damu tafuta mRNA (nakala ya RNA ya jeni inayofanya kazi) ya HBB, jeni ya hemoglobini, kwa RT-PCR, yaani PCR inayoanzia kwenye RNA. Pitisha DNase, kimeng'enya cha kuondoa DNA, kwanza, na tenga kipande cha doa kwa ajili ya RNA kabla hujalimaliza. Damu ya hedhi nayo ina HBB, ongeza MMP11, jeni ya kuitambua damu ya hedhi. Kwenye ripoti ABO humwondoa mtu tu. Kumtambua ni kazi ya STR, vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia.