Naomba ushauri: mguu wa besi unakaza sebene ikikolea

Habari zenu wakuu. Napiga drams kanisani, huu mwaka wa 3. Mikono inanitii, shida ni mguu wa kulia, ule unaokanyaga pedali ya ngoma kubwa ya besi. Nyimbo za kuabudu hazinisumbui. Lakini tukiingia kwenye sifa, sebene (ile sehemu ya kasi ya kuchezeka) ikakolea kwenye mapigo 130 hivi kwa dakika, hazipiti dakika 5 misuli ya mbele ya ugoko inakaza kama kamba, na yale mapigo mawili ya harakaharaka la pili halisikiki kabisa. Inaniuma sana, maana watu wanacheza kwa kuufuata mguu huo.

Nilianza kwa kulaza kisigino kwenye pedali. Sasa nakiinua, sauti imejaa, ila paja zima linafanya kazi ambayo nadhani kifundo kingeifanya. Tena nina tabia ya kuikandamiza nyundo ya pedali kwenye ngozi ya ngoma baada ya kupiga. Nikiiachia irudi, inadunda na kugonga tena bila mimi kutaka.

Springi nimeikaza na kuilegeza, sijaona tofauti kubwa. Kupandisha stuli hadi mapaja yakainama kidogo kuelekea magotini, hapo kweli nilipata nafuu.

Kila jioni nafanya mazoezi na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) kwenye mapigo 70 kwa dakika, mguu peke yake, dakika 15. Je, nianze kujifunza kutelezesha mguu kwenye pedali ili kupata yale mapigo mawili, au kwanza nikomaze kifundo? Na ninyi mnaopiga sebene dakika 20 mfululizo, kisigino mnakiweka wapi?