Posti zangu za "Mwanaume, amka" zinalipuka, na sasa kuna kijana ameniamini kupita kiasi. Nifanyeje?

KinyoziKondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Nivumilieni nimalize kwanza, mtanicheka mwishoni.

Mimi ni kinyozi hapa Kondele. Kibanda cha mabati, viti viwili, kimoja changu na cha pili namkodishia kijana mwenzangu kwa wiki. Mwaka jana nilifungua ukurasa wa Facebook nitangaze kazi. Nikawa naweka picha za fedi, za ndevu zilizochongwa, bei, na namna ya kufika kutoka stejini. Laiki 9. Siku ya bahati 11, na tatu kati ya hizo ni za dada zangu.

Jumapili moja mwezi wa tano mvua ikanyesha kama imetumwa, stima ikapotea, mteja hakuna. Nikajikalia kwenye kiti cha wateja nikaandika hivi, kwa kuchoka tu:

"Mwanaume, hakuna anayekuja kukuokoa. Amka saa kumi alfajiri. Tandika kitanda. Oga maji baridi. Punguza maneno. Tafuta pesa."

Nikaweka na picha ya mteja niliyempiga kwa nyuma, shingo imenyolewa safi, anatazama barabara. Stima iliporudi simu ilikuwa inatetemeka kama ina malaria. Kufika asubuhi watu 3,000 walikuwa wameishea.

Tangu siku hiyo naandika moja kila jioni. Wafuasi walikuwa 400, leo ni 26,000. Na kuna kitu kwenye hesabu za ukurasa ambacho sikielewi. Ile posti ya kwanza ina laiki 4,100 na komenti 212, lakini walioihifadhi ni 6,300. Yaani walioificha kwenye simu zao ni wengi kuliko waliokubali kuonekana wameipenda.

Ukweli wangu sasa. Saa kumi alfajiri mimi nakoroma. Kibanda nafungua saa tatu. Kitanda anatandika mke wangu, na mkopo wa simu unanidai.

Jumatano usiku, saa sita na dakika kumi, kijana wa miaka 22 kutoka Nyalenda akanifuata inboksi. Alikuwa ameajiriwa kwenye hadiwea karibu na soko la Kibuye. Siku hiyo nilikuwa nimeandika kwamba mwanaume hajengi ndoto ya mtu mwingine. Ujumbe wake huu hapa kama ulivyo: "Bro nimeacha kazi leo. Nimefuata. Hatua ya pili ni gani?"

Sina hatua ya pili. Sijamjibu mpaka sasa.

Naomba ushauri. Kwa nini maneno haya yanashika moto hivi, na kazi yangu ya kweli haionekani? Na je, niendelee? Kuna jamaa ananishawishi nitoe kijitabu cha kusoma kwa simu, niuze 300 kwa M-Pesa. Mfuasi mmoja tu kwa kila mia akinunua, hiyo ni 78,000. Kodi ya kibanda miezi mingapi hiyo!

Nduthi58 (Nakuru)

Kumbe ni wewe! Bibi yangu ananiuliza mbona siku hizi naoga maji baridi na baridi yote hii ya Nakuru mwezi wa saba. Dawa ya kifua utanunua wewe.

FundiUkurasa (Nakuru)

Mimi naendesha kurasa za watu: maduka, makanisa mawili, na mwanasiasa mmoja ambaye bado hajanilipa. Nianze na swali lako la kwanza.

Kinachofanya kazi ni lile neno la mwanzo, "Mwanaume". Nenda steji hapo Kisumu umsikilize makanga. Haiti "wasafiri wapendwa". Anaita "Busia! Busia! Busia!" na mtu wa Busia aliyekuwa anatazama viatu vyake anageuza kichwa. Wewe umeita nusu ya watu wote kwa jina lao. Picha yako ya fedi inamwita mtu wa Kondele mwenye nywele na pesa ya kunyoa. Hii ya kuamka saa kumi inamwita mtu wa Lodwar, wa Mtwara, hata mwenye upara.

Halafu kuna mashine. Tangu 2012 YouTube iliacha kutanguliza idadi ya waliobofya ikatanguliza muda ambao mtu anakaa akitazama, na mitandao mingine ina njia zake za kupima jambo hilohilo: kidole kimesimama au kimepita? Mashine haijui kama wewe unaamka saa kumi. Inajua kidole kilisimama. Na amri fupi inasimamisha kidole, kwa sababu mtu aliyelala chali na simu saa tano ya asubuhi anahisi umemwona.

Ugomvi nao usiusahau. Fungua zile komenti 212 uone ngapi zinakujibu wewe na ngapi zinajibizana. Mwanamke akiandika "na vyombo pia mwoshe", wanaume ishirini wanamrukia, wenzake wanakuja kumtetea, na kila anayeingia anaisukuma posti mbele ya macho mengine. Andrew Tate, yule bondia wa zamani anayewahubiria wanaume ubabe mtandaoni, alipata jina kubwa kwa njia hiyo. Agosti 2022 Facebook, Instagram, TikTok na YouTube zikamfungia, lakini klipu ziliendelea kuzunguka, maana wafuasi tayari walikuwa wamezikata na kuzipandisha kwenye akaunti zao. Wale waliokuwa kwenye kozi yake ya kulipia walipata kamisheni kwa kila mwanachama mpya waliyemleta. Wewe ukitazama ungedhani ni mafundisho yanasambaa, kumbe wengine walikuwa mawakala wa mauzo.

Na tangu 2024 Meta, wenye Facebook, iwafungulie Wakenya wanaotimiza masharti njia ya kulipwa kwa maudhui yao, kila mwenye simu amepata sababu ya kuandika "Mwanaume".

Ushauri wangu: usiliache hilo neno la mwanzo, badilisha yanayolifuata. Wewe ni kinyozi, omera. Watu hukuambia nini wakiwa kitini? Hakuna mwandishi wa hizi posti mwenye ghala kama hilo. Kijitabu, uza ukitaka, lakini usimuuzie mtu njia ambayo hujaipita.

DadaMasingo (Kakamega)

Mimi ni mmoja wa hao wa komenti. Nimejibizana kwenye posti za aina hiyo hadi bando likaisha, nikidhani nazima moto, kumbe natia kuni. Sawa, hilo nimelimeza.

Ila nisikilize kuhusu mdogo wangu. Anachomelea milango na madirisha hapa mjini. Alipoanza kufuata kurasa hizi, miezi miwili ya kwanza nilimshukuru Mungu. Aliacha busaa. Akawa anarudi mapema. Akanunua daftari la kuandika matumizi, mpaka shilingi kumi ya mandazi ameiandika na tarehe. Kisha klipu zikabadilika. Sijui ni yeye alizitafuta au zilimtafuta: alianza na za kuamka mapema, akaletewa za jimu, akaletewa za "mwanamke haaminiki". Krismasi akaja nyumbani, mama akamuuliza mbona amekonda. Akajibu, "Mwanaume hajielezi."

Mama yetu! Aliyemfulia nepi! Mama akainuka akaingia jikoni, na ule ugali tuliula kimya kama tuko matangani.

Daftari bado analo, na kusema kweli hilo daftari nalipenda. Ndiyo maana siwezi kukuambia uache kabisa. Lakini yule kijana mjibu usiku huu. Kukaa kimya siku mbili baada ya kumwachisha mtu kazi si vizuri.

Mwalimu_Mstaafu (Bungoma)

Kijana wangu, jambo hili ni la zamani kuliko simu yako. Nilipokuwa bwenini miaka ya sabini, majarida ya katuni ya Marekani yalitufikia yamechakaa, yamepita mikono mia. Ndani yake kulikuwa na tangazo la Charles Atlas, Mwitaliano aliyehamia Marekani. Kampuni yake ya kuuza mazoezi ya mwili kwa njia ya posta ilianza 1929. Tangazo lilikuwa la michoro. Kijana mwembamba yuko ufukweni na msichana. Jibaba moja linamrushia mchanga usoni. Kijana anarudi nyumbani, anapiga kiti teke kwa hasira, anaagiza kozi. Mchoro unaofuata ana kifua kama debe, anarudi ufukweni, anamchapa yule jibaba ngumi, na msichana anamshika mkono.

Mimi sikuwa nimewahi kuona bahari, na hakuna mtu aliyenirushia mchanga. Lakini nilienda nikapima mkono wangu kwa uzi, nikaona aibu. Tangazo lilikuwa limenipa aibu ambayo sikuwa nayo asubuhi, kisha likaniuzia dawa yake. Soma posti zako upya ukitafuta huo mchanga.

Huku kwetu, mwaka wa shufwa ukifika, mwezi wa nane, vijana hutahiriwa, na baada ya kisu kuna maneno. Mzee anakuketisha anakuambia ya mke wa mtu, ya wakubwa, ya jembe. Huyo mzee kesho anakutana nawe kwenye njia ya mtoni. Ukipotoka anakuita. Wewe una vijana 26,000 na hujui hata mmoja analala wapi.

Wandayi_Webuye

Mwalimu, niwie radhi, lakini hapo umeturembea. Mimi nilitahiriwa 2008. Mzee aliyenipa maneno alikuwa ameshinda na busaa tangu asubuhi. Aliniambia mambo mawili, na la pili alilisema akisinzia, hivyo nina moja tu. Baba alikuwa Nairobi akilinda nyumba ya watu. Kuandika barua ya kuomba kazi, kufunga tai, kumwambia msichana samahani, yote hayo nilifunzwa na mtu wa kwenye simu ambaye hanijui. Alikuwa na upuuzi wake pia, mwingi. Lakini alikuwepo.

Mwalimu_Mstaafu (Bungoma)

Nimekusikia, Wandayi. Hilo la busaa siwezi kulikana.

Nduthi58 (Nakuru)

Jana nilifanya mzaha. Leo nina dakika kumi, niseme ukweli.

Umeuliza kuhusu wale waliohifadhi. Mimi ni mmoja wao. Mwezi wa nne wenye mkopo walichukua pikipiki yangu. Siku tisa nilikuwa nakaa stejini hapa Section 58 nikijifanya nasubiri spea kutoka Nairobi. Kusema siwezi. Nikisema leo, kesho hilo ndilo jina langu pale stejini mpaka nife.

Posti yako haikuniuliza kitu. Kuilaiki sikutaka, shemeji yangu angeona akaanza kunusa. Nikaihifadhi, nikawa naisomea chooni. Ni kama kununua dawa ya minyoo ukisema ni ya mtoto.

Na kuamka saa kumi halikuwa jambo la nidhamu, usingizi wenyewe haukuwepo. Nilikuwa natazama dari tu. Wewe ukaniambia nioge. Nikaoga. Ukishaoga maji ya Nakuru huwezi kurudi kitandani, nikatoka nje, nikaanza kuosha pikipiki za wenzangu kwa 50 kabla hawajaingia barabarani. Sasa naosha za steji mbili.

Kwa hiyo usije ukafuta ile ya kwanza. Lakini ile ya ndoto ya mtu mwingine, buda, hiyo ni hatari. Ungeniambia mwezi wa nne niache kazi, ningeacha, ila sikuwa nayo.

KinyoziKondele (Kisumu)

Asanteni. Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Dada, nilimjibu usiku uleule. Nilimwambia aje kibandani Jumamosi, kunyoa ni bure.

Alikuja. Nilimfunga kitambaa nikaanzia nyuma ya shingo, hapo mtu hakutazami usoni na wewe humtazami. Nikamwambia: mimi huamka saa mbili. Kitanda anatandika mama watoto. Na ile posti iliyokuachisha kazi niliiandika nikiwa nimemkasirikia mwenye kibanda, alikuwa ameongeza kodi. Akanyamaza. Mashine ikaendelea kulia. Nilipofika kwenye sikio akasema, "Lakini ni kweli, si ndio?"

Nikamuuliza hadiweani alikuwa analipwa ngapi. Akanitajia. Nikamuuliza ana akiba gani. Akacheka.

Jioni tulienda wote. Mwenye duka ni mama mmoja mkali, alikuwa anapima misumari. Alimtazama kichwa kwanza, akasema umenyolewa vizuri. Kisha akamwambia arudi Jumatatu, na siku alizokosa zitakatwa kwenye mshahara. Mimi hakunisemesha, lakini aliniangalia kwa namna ambayo naona anafuata ukurasa wangu.

Kijitabu nimekiweka kando. Posti ya ndoto ya mtu mwingine nimefuta, ya kwanza nimeiacha kwa ajili ya Nduthi58. Jana niliandika nyingine: "Mwanaume, kabla hujaacha kazi, hesabu kodi ya miezi mitatu. Mimi nilikushauri vibaya, na mimi mwenyewe huamka saa mbili." Laiki 38, wafuasi 140 wameondoka. FundiUkurasa, hapo kidole hakijasimama.

Tulipoachana pale Kibuye kijana aliniita nikiwa nimeshavuka barabara. Nilidhani anataka nauli. Akaniuliza, "Bro, na ile ya leo jioni, umeshaiandika?"

Nduthi58 (Nakuru)

Umeiandika?